Usiku wa baridi: mkinge mzee, jiko lisilale chumbani

Huku Ngara tuko juu milimani, na usiku wa Juni hadi Agosti ni wa baridi. Mwili wa bibi au babu hutengeneza joto kidogo, na mara nyingi hahisi baridi mapema. Shirika la Afya Duniani linashauri joto la ndani lisishuke chini ya nyuzi 18 za sentigredi.

Wengi wetu huingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga dirisha. Tusifanye hivyo. Mkaa hutoa hewa ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu. Mtu hulala asiamke.

Fanya hivi:
- Mvalishe soksi, kofia na nguo mbili tatu nyepesi.
- Inua godoro kutoka sakafuni, au tandika majani makavu na mkeka chini yake.
- Mpe uji wa moto kabla ya kulala.
- Jaza chupa maji ya moto yasiyochemka, ifunge kwa kitambaa, iweke miguuni.

Ninapotembelea kaya, hugusa tumbo la mzee, si mikono tu. Tumbo likiwa baridi, akiongea kwa shida, akichanganyikiwa au kusinzia mno, ni hatari. Asipotetemeka, usidhani amepata nafuu.

Mfunike, kichwa pia. Kama anameza vizuri, mpe chai ya moto. Usimpe rubisi wala gongo, kwani pombe humpotezea joto. Kisha mpeleke kituo cha afya usiku huohuo, msisubiri kukuche.