Machicha ya Nazi na Asili ya Urembo wa Jikoni Kibiti

Wengi wetu tuishio ughaibuni, tukiwa na hofu ya haki juu ya krimu zenye zebaki, ambazo Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 uliazimia kuziondoa sokoni, siku hizi tumegeukia masazo ya jikoni kana kwamba ni uvumbuzi wa juzi. Walakini katika wilaya ya Kibiti na delta yote ya Rufiji, ambako mpunga na minazi ndiyo riziki ya watu, jambo hili ni desturi ya tangu zamani, nayo ina kanuni zake.

Nazi hukunwa juu ya mbuzi, ikatiwa maji ya uvuguvugu, ikakamuliwa kwa kifumbu mara ya kwanza likatoka tui zito, kisha mara ya pili likatoka tui jepesi. Na yale machicha yanayosalia, ijapokuwa yaonekana makavu, bado yana mafuta ya kulainisha ngozi na ukwaruzo wa kiasi wa kuondoa taka. Mpishi huyachukua kiganjani yangali na joto la maji, akajisugua viwiko, magoti na visigino, kisha akaoga. Maji ya kwanza ya kuoshea mchele nayo, meupe kwa wanga, yafaa kunawia uso.

Ama mafuta yenyewe, hayo yana hukumu nyingine. Tui huachwa usiku kucha hata mafuta yakaelea juu, asubuhi yakaenguliwa na kuchemshwa taratibu mpaka maji yote yaishe, chini yakabaki masimbi ya rangi ya hudhurungi, na juu mafuta safi yenye harufu ya kupendeza. Kwa kuwa hayana maji, mafuta hayo hukaa miezi. Ilhali machicha, yaliyojaa maji, huanza kuchacha siku ileile. Hapa ndipo tunapokosea huku ugenini: tunayachanganya na asali, tunayafungia katika kopo, tunayaweka bafuni juma zima, tukijipaka ukungu na vijidudu kwa jina la uasilia. Mwali aliyewekwa ndani pwani yetu hakupakwa kitu kilicholala. Liwa ilisagwa juu ya msio kwa maji kidogo, ikapakwa papo hapo.

Fauka ya hayo, wako wanaodhani mafuta yaliyoganda yameghushiwa. Mafuta ya nazi huganda joto likipungua nyuzi 24 hivi za Selsiasi, kwa hiyo yakiwa meupe na magumu katika baridi ya Ulaya hayana ila yoyote. Yapashe viganjani, yatayeyuka.

Wala si kila kitokacho jikoni ni halali kwa ngozi. Maji ya ndimu yakipakwa kisha mtu akatoka juani huunguza na kuacha mabaka meusi, na wakulima wa korosho wa Kibiti wanajua vema jinsi utomvu wa ganda la korosho unavyobabua vidole.

Basi, ndugu msomaji, ukikuna nazi jioni, jaribu kwanza kidogo mkononi, ujisugue usiku huohuo, na machicha yanayobaki uyatupe au uwape kuku. Kinachostahili kuwekwa kabatini ni mafuta peke yake.