Kitanda Pekee Hakimtoi Mtoto Mtaani

Mtoto aliyekuwa akilala barazani mwa maduka ya Nairobi akipewa kitanda, uji na nguo safi, wengi huona kazi imekwisha. Sisi tulio katika ustawi wa jamii tunajua kuwa hapo ndipo inapoanza. Watoto hupokelewa vituoni kisha wakarudi mtaani, na lawama huwaangukia wao: wakaidi, hawana shukrani. Mara nyingi kosa ni la mpango uliowaandalia mahali pa kulala bila kuwaandalia mahali pa kwenda baadaye.

Jambo lenyewe ni kubwa. Sensa ya kitaifa ya familia za mitaani iliyofanywa Kenya mwaka 2018 ilihesabu watu 46,639, karibu theluthi moja wakiwa Nairobi. Wala si jipya. Mwaka 1973 Padri Arnold Grol, mmisionari Mholanzi, alianzisha Undugu Society of Kenya kwa ajili ya vijana waliokuwa wakiwaonyesha madereva mahali pa kuegesha magari ili wapate senti mbili tatu. Mwaka 2003 serikali ikaunda mfuko maalumu wa kuzisaidia familia za mitaani, na baadhi ya vijana wakapelekwa Huduma ya Vijana kwa Taifa kufunzwa kazi. Katika miaka yote hiyo tumejifunza kwamba mpango unaofaulu hupitia hatua, na kila hatua inayorukwa hudai malipo mbele ya safari.

Hatua ya kwanza hufanyika mtaani penyewe. Mtoto aliyewahi kukurupushwa usingizini na askari wa jiji na kurushwa ndani ya lori hujifunza jambo moja tu: kukimbia. Kwa hiyo mhudumu humfuata maskani kwake, aghalabu usiku, akaketi naye, akamsafisha kidonda, akalijua jina lake. Hamwahidi kitu asichoweza kukitimiza. Huenda wiki zikapita kabla mtoto hajakubali kuja kituo cha mchana aoge, ale, afue nguo na kucheza mpira. Jioni akitaka kuondoka, huachwa aende. Hiari hiyo ndiyo inayomrudisha kesho yake.

Hapa watu huuliza kuhusu gundi ambayo watoto hawa huivuta kutoka kwenye chupa. Gundi ya mafundi viatu ina kemikali iitwayo toluini. Mvuke wake hulevya ubongo kwa muda mfupi; makali ya njaa hupungua, baridi husahaulika, hofu hutulia. Ukitumiwa kwa muda mrefu huharibu ubongo na neva, na unaweza hata kuusimamisha moyo ghafla. Lakini kumpokonya mtoto chupa bila kumpa chakula, joto na usalama ni kumwachia njaa na hofu ileile aliyokuwa akiikimbia. Atatafuta chupa nyingine kabla jua halijatua.

Malazi huja baada ya imani kujengeka. Usiku wa kwanza bwenini mtoto anaweza kulala sakafuni, viatu miguuni, kipande cha mkate kikiwa kimefichwa chini ya mto. Mlezi mzoefu hamkemei. Anajua kuwa mtaani anayevua viatu huamka hana, na asiyeficha chakula hulala njaa. Ratiba isiyobadilika na mlo unaofika kwa wakati, siku baada ya siku, humfundisha mtoto huyo kwamba sasa anaweza kulala usingizi mzito.

Wakati huohuo kazi ya kuitafuta familia huwa imeanza. Mtoto aliyeondoka kwao mdogo huenda asijue jina la kaunti yao, lakini anakumbuka shule aliyosoma, mto waliooga, rangi ya matatu zilizopita pale, kanisa au msikiti uliokuwa jirani. Hupewa karatasi akachora. Kutokana na mchoro huo afisa humtafuta mwalimu mkuu, chifu au mzee wa kijiji, hadi mlango unapatikana.

Ziara ya kwanza hufanywa bila mtoto. Mama anayemwona mgeni na faili mkononi huogopa kwamba amekuja kushtakiwa, na afisa mwenye busara huanza na pole: "Mama, hatukuja kukulaumu. Tumekuja tuulizane mtoto aliondoka kwa nini." Majibu hujirudia nyumba kwa nyumba: karo na sare, njaa, ulevi, viboko, ndoa mpya isiyomtaka mtoto wa nje. Palipo na ukatili, mtoto harudishwi hapo. Hutafutwa bibi, shangazi au familia ya malezi kupitia kwa afisa wa watoto. Palipo na ufukara tu, mtaji wa kibanda cha mboga pamoja na sare ya shule hufanya kazi kubwa. Kumrudisha mtoto mikono mitupu kwenye njaa iliyomfukuza ni kumwandalia safari ya pili.

Hata akirudi na vitu hivyo, miezi ya mwanzo ni migumu. Darasani anakaa na wadogo zake, majirani wanamwita chokoraa, kuku akipotea anashukiwa yeye. Hapo ndipo ziara za kufuatilia, simu kwa mama na mazungumzo na mwalimu huokoa kazi yote iliyotangulia. Kwa bahati mbaya ndizo hukatwa kwanza bajeti inapopungua, kwa sababu mfadhili hupenda kupiga picha na jengo, wala si nauli ya afisa kwenda kijijini.

Vijana wakubwa wana njia yao. Wengi hawarudi kwa wazazi. Wanahitaji ufundi kama useremala, ushonaji au uchomeleaji, kodi ya chumba kwa miezi ya kwanza, na kitambulisho. Asiye na cheti cha kuzaliwa hupata taabu kupata kitambulisho, na bila kitambulisho hasajili laini ya simu wala hafungui akaunti. Kumsindikiza kijana kwa chifu na kwa msajili ni sehemu ya tiba sawa na ushauri nasaha.

Mkakati wa Kenya wa mageuzi ya malezi ya watoto, wa mwaka 2022 hadi 2032, unalenga kuwatoa watoto katika taasisi na kuwarejesha kwenye familia na jamii. Msomaji anayetaka kukisaidia kituo akiulize maswali matatu: Mtoto hukaa hapa muda gani? Wangapi walirudi kwao mwaka uliopita? Nani huwatembelea? Kituo chenye majibu kinastahili mchango wako, na mchango huo uelekezwe kwenye ziara. Ukimwona mtoto peke yake mtaani leo, piga 116, simu ya bure ya watoto, kabla mtaa haujawa mlezi wake.