Kibo na Mawenzi: nani mkubwa?

Mtoto akiuliza kwa nini Kibo ni mviringo na Mawenzi kimechongoka, hadithi ya Kichagga humjibu: Mawenzi alizidi kwenda kuomba moto, Kibo akachoka, akamtwanga kwa mchi.

Wataalamu wa miamba hujibu kwa umri. Kilimanjaro ni volkano tatu. Shira, kongwe kuliko zote, imeporomoka na kubaki uwanda. Mawenzi, mita 5,149, ilizimika zamani. Mvua na barafu vimeikwangua hadi mifupa. Kibo, mita 5,895, ndiyo changa: umbo lake halijaliwa sana, na shimoni kileleni bado hufuka mvuke wenye harufu ya salfa.

Mzazi, msimulie mwanao yote mawili. Ataelewa pia kwamba kimo si umri: hapa kitindamimba ndiye mrefu.