Hewa Bora: Namna ya kupasha ampli ya lampe moto bila kuamsha jirani

Ni saa mbili ya usiku katika lupango moja ya mtaa wa Hewa Bora, mjini Lubumbashi. Kijana mmoja, mpiga gita wa kanisa, anawasha ampli yake ya lampe. Anangoja dakika chache lampe zipate moto, kisha anazungusha butoni ya sauti mpaka karibu na mwisho. Anachapa nyuzi. Zamani, saa kama hii, bati za nyumba zingetetemeka na mtu angekuwa tayari anagonga kwenye mlango. Leo mtoto anayelala katika chumba cha pili hajageuka hata upande.

Kati ya ampli na spika kuna kisanduku cha chuma, kikubwa kama Biblia, chenye butoni moja mbele na matundu ya hewa juu. Wapiga gita wanakiita atenuateri, yaani kipunguza nguvu. Kazi yake ni moja: kinaacha ampli ifanye kazi kwa nguvu zote, lakini spika inapewa sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo.

Kijana huyo aliomba jina lake lisiandikwe, kwa sababu maneno na majirani bado hayajapoa. Anaeleza kwamba malalamiko yalifika hadi kwa kiongozi wa mtaa, naye akaahidi kutopiga tena gita ya umeme baada ya jua kushuka. Lakini mchana anatafuta riziki, na siku ya yenga lazima asimame mbele ya kanisa akiwa amejiandaa. Ahadi hiyo ilikuwa karibu sawa na kuacha gita. Ampli, ambayo aliinunua kwa kuweka franga kidogo kidogo, ilikuwa tayari imetafutiwa mnunuzi.

Kutoka gita kavu hadi lampe

Katanga ni nchi ya gita tangu zamani. Mnamo 1952, mtafiti wa muziki Hugh Tracey alimrekodi Jean Bosco Mwenda, anayejulikana pia kama Mwenda wa Bayeke, huko Jadotville, mji tunaoita leo Likasi. Wimbo wake "Masanga" ulipigwa kwa gita kavu, na gita kavu haigombanishi majirani. Katika miaka hiyo ya 1950, gita ya umeme ilianza kusikika katika studio za Léopoldville, Kinshasa ya leo. Ampli za wakati ule zilikuwa za lampe, kwa sababu transista ilikuwa bado changa.

Baadaye transista ilileta ampli nyepesi, za bei ndogo na zisizoharibika haraka. Hata hivyo lampe haikufa, na kilichoiokoa ni kasoro yake. Lampe ikisukumwa kupita uwezo wake haikati sauti kwa ghafla. Inaibana polepole, inaifanya kuwa nene na inaiongezea sauti nyingine ndogo juu ya ile ya msingi. Ukigusa nyuzi kwa upole, sauti inabaki safi, ukizichapa, inakwaruza. Mpiga gita anaongoza yote hayo kwa vidole vyake.

Kugeuza kasoro kuwa utamu si jambo geni kwa Wakongomani. Kule Kinshasa, kundi la Konono No. 1 la marehemu Mawangu Mingiedi lilijulikana duniani kwa albamu "Congotronics" ya 2004. Likembe zao zilipitishwa katika mikrofoni na vyombo vya sauti vilivyotengenezwa kwa mkono, na ule mkwaruzo ukawa ndio alama yao.

Kwa nini asishushe tu sauti?

Hilo ndilo swali la jirani, na ni swali la haki. Jibu ni kwamba ndani ya ampli kuna sehemu mbili. Lampe ndogo za mbele zinaandaa sauti. Lampe kubwa za nyuma zinaipa nguvu ya kusukuma spika. Ukishusha butoni, lampe kubwa zinabaki zinafanya kazi ndogo sana. Sauti inatoka safi, lakini nyembamba. Ule unene ambao wapiga gita wa roki, bluzi na nyimbo nyingi za sifa wanautafuta unakuja pale lampe kubwa zinapobanwa. Ampli nyingi za kisasa zina butoni ya pili inayokwaruza lampe ndogo peke yake. Inasaidia, ila masikio yaliyozoea yanatambua tofauti.

Anayepiga sebene hana shida hii, kwa sababu sebene inataka sauti safi, kila nyuzi isikike peke yake. Shida ni ya yule anayetaka moto.

Na moto huo una makelele mengi kuliko watu wanavyodhani. Spika nyingi za gita zinatoa karibu desibeli 97 hadi 100 kwa wati 1 tu, ukisimama mita 1 mbele yake. Mnamo 2022, Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni ya kulinda masikio katika sehemu za muziki: wastani wa sauti usipite desibeli 100 kwa muda wa dakika 15. Maana yake, wati 1 peke yake ndani ya chumba kidogo inaweza kutufikisha kwenye mpaka uliowekwa kwa ajili ya ukumbi.

Kununua ampli ya wati chache kidogo hakumalizi tatizo, kwa sababu sikio halihesabu kama mfuko wa franga. Ili sauti isikike kama imepungua nusu, nguvu lazima ipunguzwe karibu mara 10. Chukua ampli ya wati 20 yenye spika ya desibeli 100. Ikipigwa kwa nguvu zote, inatoa karibu desibeli 113 kwa umbali wa mita 1. Ukiishusha hadi wati 2, ni 103. Kwa wati 0.2, ni 93. Kwa wati 0.02, yaani sehemu moja juu ya elfu moja, ni 83, ambayo bado inazidi mazungumzo ya kawaida. Hapo ndipo mlango ukifungwa jirani anaweza kulala.

Nguvu inaenda wapi?

Inageuka kuwa joto. Katika atenuateri rahisi kabisa kuna rezistansi nene zinazomeza nguvu ya ampli, kama vile waya wa jiko la umeme unavyofanya. Kama ampli inatoa wati 20 na spika inapewa 0.2, zile 19.8 zinabaki ndani ya kisanduku. Ndiyo maana kina matundu, na ndiyo maana haifai kukifunika kwa kitambaa au kukiweka juu ya kitanda.

Mmoja wa waliokieneza chombo hiki ni Mmarekani Tom Scholz, injinia aliyesoma MIT na mpiga gita wa kundi la Boston. Sehemu kubwa ya albamu yao ya kwanza, ya 1976, aliirekodi nyumbani kwake katika chumba cha chini ya ardhi. Baadaye kampuni yake iliuza kisanduku kilichoitwa Power Soak. Aliyekuwa na shida ya kupiga gita nyumbani ndiye aliyewauzia wengine dawa yake.

Visanduku vya siku hizi ni vya aina mbili. Cha kwanza kina rezistansi tu. Ni rahisi, lakini kinaweza kuifanya sauti iwe butu, hasa kikipunguza sana. Sababu ni kwamba spika ya kweli si rezistansi tupu: uzito wake kwa ampli unabadilika kati ya sauti nzito na sauti kali. Aina ya pili inaongeza koili na kapasita ili kuiga tabia hiyo, na ampli inahisi kama inasukuma spika ya kweli. Ni bora, lakini bei yake inapanda.

Kosa linalounguza ampli

Hapa ndipo msomaji anayetaka kujaribu anapaswa kusoma polepole, kwa maana jioni moja ya uzembe inaweza kula akiba ya miaka.

Kwanza, ampli ya lampe isipigwe kamwe bila spika au kisanduku kinachofaa kuunganishwa nyuma yake. Nguvu ikikosa pa kwenda, volti inaruka ndani ya transfo ya kutolea sauti, na transfo hiyo inaweza kuungua. Ni kati ya vipande vya bei kali zaidi ndani ya ampli.

Pili, omu zilingane. Kama ampli imewekwa kwenye omu 8, kisanduku kiwe cha omu 8, na spika iwe ile ambayo kisanduku kinaitaka.

Tatu, kisanduku kiwe na uwezo kuliko ampli. Ampli iliyoandikwa wati 20 inaweza kupita namba hiyo ikisukumwa mpaka mwisho. Kwa usalama, tafuta kisanduku cha wati 40 au zaidi.

Nne, waya kati ya ampli, kisanduku na spika uwe waya wa spika. Waya mwembamba wa gita haukutengenezwa kupitisha nguvu hiyo.

Tano, na hili ni letu hasa: atenuateri haikingi ampli dhidi ya umeme mbaya. Delestaji ikikata, zima ampli na uchomoe kwenye prizi. Umeme ukirudi, subiri utulie kwanza. Stabilizateri nzuri ni ya lazima. Ampli iliyotoka Marekani inataka volti 120. Ukiichomeka moja kwa moja kwenye 220 ya kwetu, unaweza kuiua siku ya kwanza. Na usiifungue mwenyewe: ndani kuna kapasita zinazoweza kushika mamia ya volti hata baada ya ampli kuzimwa. Hiyo ni kazi ya fundi anayejua lampe.

Sikio nalo linadai

Hata kisanduku bora hakirudishi kila kitu. Mnamo 1933, Harvey Fletcher na Wilden Munson, watafiti wa Bell huko Marekani, walionyesha kwamba sauti ikishuka, sikio la binadamu linapoteza zaidi zile nzito, na zile kali sana pia. Kwa hiyo mpiga gita anaweza kulaumu kisanduku kumbe ni sikio lake. Tena, spika isiyosukumwa haitetemeki kwa namna ile ile. Suluhisho ni kuongeza kidogo besi na sauti kali kwenye ampli, na kukubali kwamba ya chumbani haitakuwa sawa kabisa na ya ukumbini.

Lampe nazo zinachoka. Kisanduku kinamruhusu mtu kupiga kwa nguvu zote kila usiku, na lampe kubwa zinazeeka haraka zaidi. Kupata za kubadilisha hapa kwetu kunaweza kuwa safari ndefu.

Asiye na franga za kisanduku hajafungiwa mlango. Ampli ya wati 1 inapata moto mapema zaidi, ingawa tumeona kwamba nayo si kimya. Pedali ya kukwaruza mbele ya ampli iliyoshushwa inatosheleza wengi. Na kuna visanduku vinavyomeza nguvu yote na kupeleka sauti kwenye kaske au kwenye mikseri ya kanisa, bila spika kulia kabisa.

Kijana wa Hewa Bora alichagua kisanduku cha kati, na ampli haikuuzwa. Anasema bado kuna kitu anachokikosa, ule upepo wa spika unaogonga miguu. Anaungoja mpaka siku ya yenga. Kufikia saa tatu anazima, anachomoa kwenye prizi, na kugusa kisanduku kwa mgongo wa mkono. Bado ni cha moto. Ng'ambo ya ukuta, redio ya jirani inasikika vizuri, neno kwa neno.