Kuishi kwa Kiasi Hulinda Afya

Tukisikia neno afya, wengi wetu tunafikiria vidonge, sindano na zahanati. Vitu hivyo ni vya lazima. Lakini leo tutazungumza juu ya kinga ambayo haiuzwi katika duka la dawa. Kinga hiyo ni kuishi kwa kiasi.

Kuishi kwa kiasi ni nini? Ni kufanya kazi na pia kupumzika. Ni kula chakula cha kutosha na kuweka akiba. Ni kutumia fedha kwa mpango. Ni kujua kitu gani kinatutosha leo, na kitu gani kinaweza kungoja hadi mwakani. Mtu wa kiasi si mvivu. Tena hapendi umaskini. Anaendelea mbele, lakini haendi mbio hadi akaanguka.

Kwa nini jambo hili liwe katika ukurasa wa afya? Kwa sababu watu wengi huja zahanati wakisema, "Kichwa kinaniuma. Moyo unaenda mbio. Usiku sipati usingizi." Tunawapima malaria, hakuna. Tukiwauliza habari za nyumbani, wanasema chakula kimekwisha, au wanadaiwa, au nyumbani kuna ugomvi. Kidonge cha maumivu chaweza kutuliza kichwa kwa saa chache. Hakiwezi kulipa deni wala kujaza ghala.

WASIWASI UNAVYOINGIA MWILINI

Fikiri kwamba unapalilia shamba. Ghafla unamwona nyoka. Moyo unapiga haraka. Pumzi zinakwenda mbio. Misuli inakaza. Mwili umetoa kemikali ndani ya damu ili upate nguvu ya kukimbia au kupigana. Kemikali moja inaitwa adrenalini. Nyoka akiondoka, baada ya muda mwili unatulia.

Lakini deni haliondoki kama nyoka. Linakwenda nawe shambani. Linarudi nawe nyumbani. Linalala nawe kitandani. Mwili wa mtu huyo unakaa tayari kukimbia siku zote. Matokeo yake ni kukosa usingizi, kuumwa kichwa, tumbo kusokota, na hasira za haraka. Mara nyingi mtu wa namna hii huanza kunywa pombe au kuvuta sigara ili asahau. Hapo shida moja inazaa shida ya pili.

Tahadhari! Usiseme kila maumivu ya kichwa ni mawazo tu. Ukiwa na homa, nenda ukapimwe malaria siku hiyo hiyo, au kesho yake. Usikae nyumbani kubahatisha.

KIASI HUANZIA GHALANI

Tuchukue mfano wa kaya mbili. Kila kaya ina watu sita: wazazi wawili na watoto wanne. Kila kaya imevuna magunia 12 ya mahindi, ya kilo 100 kila moja. Wamevuna mwezi wa Julai.

Sasa tufanye hesabu. Tuseme kaya hii inapika kilo 2 za unga kwa siku, ugali na uji pamoja. Kwa siku 30 ni kilo 60. Kwa miezi 12 ni kilo 720. Hayo ni magunia 7 na zaidi kidogo. Tuongeze magunia 2 kwa ajili ya wageni, misiba, na mahindi yanayoharibika. Jumla ni kama magunia 9 ya kuweka. Magunia 3 yanaweza kuuzwa.

Kaya ya kwanza iliona mnunuzi amefika na lori. Ikauza magunia 9, ikabaki na 3. Ikafanya sherehe kubwa na kununua televisheni na simu mpya. Magunia 3 ni kilo 300. Gawanya kwa kilo 60, unapata miezi 5 tu. Mwezi wa Desemba ghala likawa tupu. Januari, wakati wa palizi, kaya hii ikaanza kununua mahindi kwa bei iliyopanda. Fedha haikutosha. Ikachukua mkopo wa kausha damu. Riba ikawa kubwa kuliko mkopo wenyewe. Baba hakupata usingizi. Mama alipalilia kwa vibarua mashamba ya wengine, na shamba lao likajaa majani. Watoto walikwenda shule bila kunywa uji.

Kaya ya pili iliuza magunia 3. Ikanunua chandarua, madaftari, sabuni na mbegu. Haikununua televisheni mwaka huo. Ilifuga kuku kumi na kupanda maharage pembeni mwa nyumba. Mwezi wa Februari bado walikuwa na mahindi yao.

Ni kaya gani ililala usingizi? Watu wa kaya ya kwanza si watu wabaya. Walifanya kazi kwa bidii kama wenzao. Walichokosa ni hesabu. Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe msomaji sasa unajua kusoma na kuandika. Nunua daftari dogo. Andika magunia uliyovuna, yaliyoliwa, na yaliyouzwa. Kalamu yako ni jembe la pili.

Kumbuka pia kukausha mahindi vizuri kabla ya kuyaweka. Mahindi yenye unyevu huota ukungu. Ukungu huo waweza kutoa sumu inayoitwa sumukuvu. Kupika hakuondoi sumu hiyo. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Anika mahindi juu ya turubai, si juu ya udongo. Chambua punje zilizooza uzitupe. Usimpe mtoto, wala kuku, wala usipikie pombe.

KIASI KATIKA SAHANI

Chakula bora si lazima kiwe cha ghali. Ugali wa dona una afya kuliko ugali wa sembe nyeupe, kwa sababu sembe imeondolewa kiini na ganda la mahindi. Ongeza maharage, kunde, dagaa au yai. Ongeza mboga za majani kama mchicha, matembele au kisamvu. Ongeza tunda la msimu. Watu wengine huuza mayai yote na maembe yote, kisha hununua soda na biskuti. Wametoa chakula bora, wakapokea sukari. Uza mayai mengine, mengine wape watoto.

Punguza chumvi. Kwa siku nzima, mtu mzima asizidishe kijiko kimoja kidogo cha chai, pamoja na chumvi iliyo ndani ya mboga. Chumvi nyingi hupandisha shinikizo la damu.

KAZI NA MAPUMZIKO

Kazi ya shamba hutia mwili nguvu. Moyo wa mkulima hupata mazoezi ambayo watu wa ofisini huyatafuta. Lakini hata ng'ombe wa jembe hufunguliwa akapumzike. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi kila usiku. Wakati wa usingizi mwili hujijenga na akili hupumzika. Siku hizi wengine hulala na simu mkononi hadi usiku wa manane, halafu alfajiri wanaamka kwenda shamba. Zima simu, au iweke mbali na kitanda.

Hapa tuseme ukweli. Katika nyumba nyingi, mapumziko ni ya baba. Mama huamka wa kwanza. Hufagia, huchota maji, huwasha moto, huenda shamba. Akirudi, amebeba kuni kichwani na mtoto mgongoni. Baba amekaa chini ya mwembe akingoja chakula. Jioni mama hupika tena, huosha vyombo, huogesha watoto. Hulala wa mwisho. Je, hayo ni maisha ya kiasi? Upande mmoja wa mzani umeelemewa.

Mama mjamzito akichoka kupita kiasi na kubeba mizigo mizito, afya yake na ya mtoto inaweza kudhurika. Mama anayenyonyesha anahitaji chakula cha kutosha na muda wa kumnyonyesha mtoto. Kwa hiyo kazi za nyumbani zigawanywe. Baba anaweza kuleta maji kwa baiskeli. Kijana wa kiume anaweza kupasua kuni na kuosha vyombo. Baba akichota maji, hapunguzi heshima yake. Anaongeza siku za mke wake.

Panga siku yako hivi:

1. Fanya kazi nzito asubuhi, kabla jua halijawa kali.
2. Pumzika kivulini saa za mchana. Kunywa maji safi yaliyochemshwa.
3. Alasiri fanya kazi nyepesi, kama vile kumwagilia bustani na kutengeneza banda la kuku.
4. Jioni kula pamoja. Zungumza na mwenzako na watoto.
5. Lala mapema, ndani ya chandarua.

POMBE HAIONDOI MAWAZO

Pombe humfanya mtu asahau kwa saa chache. Kesho yake deni liko pale pale, na fedha imepungua. Usingizi wa mlevi hauupumzishi mwili sawasawa. Gongo ni hatari zaidi, maana yaweza kuwa na sumu inayopofusha macho na kuua. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hakuna kiwango cha pombe ambacho ni salama kabisa kwa afya. Kama unakunywa, punguza. Kama hunywi, usianze.

UJIRANI NI DAWA

Wazee wetu watakumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973. Watu walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma na kujadiliana. Kisha walichimba vyoo na kusafisha vijiji vyao. Hapakuwa na mtu aliyeambiwa apigane na ugonjwa peke yake. Jambo hilo linafaa hata leo. Mwenye mzigo wa moyo akiwaambia watu anaowaamini, mzigo unapungua. Kikundi cha kuweka akiba kijijini, chenye daftari na viongozi waaminifu, kinaweza kumwokoa mtu na kausha damu. Mkikutana kupalilia kwa zamu, kazi inakwisha mapema na mazungumzo yanaburudisha.

Tena, tusipime maisha yetu kwa paa la jirani. Jirani akijenga nyumba ya bati, mpongeze. Muulize alipanga vipi. Huenda alianza na bati mbili kila mwaka. Kidogo kidogo hujaza kibaba.

LINI UENDE ZAHANATI?

Kiasi hakimaanishi kuvumilia ugonjwa. Nenda zahanati ukiona mambo haya:

Huzuni au kukosa usingizi kunakoendelea kwa wiki mbili au zaidi, hata ukashindwa kufanya kazi.

Maumivu ya kifua, kuishiwa pumzi, au mkono na mguu wa upande mmoja kupoteza nguvu ghafla. Hapo usingoje hata saa moja.

Mawazo ya kutaka kujiua. Huo ni ugonjwa, si aibu. Ukimsikia mwenzako akisema hivyo, usimcheke wala usimwache peke yake. Mpeleke apate msaada upesi.

Watu wazima wote wapime shinikizo la damu hata kama hawaumwi, kwa sababu mara nyingi ugonjwa huu hauna dalili. Namba zikiwa 140 kwa 90 au zaidi, na zikarudia hivyo siku nyingine, unahitaji ushauri wa mganga. Ukipewa dawa, usiiache kwa sababu unajisikia vizuri. Unajisikia vizuri kwa kuwa dawa inafanya kazi.

Ndugu wasomaji, mavuno yakija mwaka huu, kaeni chini mume na mke, daftari liwe katikati. Hesabuni chakula kwanza, ndipo mfungue mlango kwa mnunuzi. Kupanga ni kuchagua.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini deni linaweza kumletea mtu maumivu ya mwili?
2. Kaya yako ina watu wangapi? Inahitaji magunia mangapi kwa mwaka mzima? Andika hesabu katika daftari lako.
3. Nyumbani kwako nani huamka wa kwanza, na nani hulala wa mwisho? Kazi zipi zinaweza kugawanywa upya?
4. Kijiji chetu kifanye nini ili watu wasikope kausha damu miezi ya njaa?