Kwa nini dawa ya mseto humezwa siku tatu

WAPO wafanyabiashara wanaovuka Mto Ruvuma, na familia zinazorejea Palma na Mocímboa da Praia, wanaomeza dawa ya mseto siku moja tu; homa ikishuka, vidonge vingine vinawekwa akiba. Maabara inaeleza ubaya wa akiba hiyo.

Mwaka 1976 Trager na Jensen walifaulu kukuza vimelea vya malaria kwenye damu ya binadamu ndani ya vyombo. Tangu hapo dawa mpya hujaribiwa humo kabla ya kupewa mtu.

Kipimo cha mwaka 2013 huanza na vimelea vichanga, visivyozidi saa tatu tangu viingie kwenye chembechembe nyekundu. Huwekewa dawa ya artemisinini saa sita, kisha huoshwa. Saa 66 baadaye vilivyo hai huhesabiwa kwa darubini. Vikizidi asilimia moja, usugu unashukiwa.

Kwa nini saa sita? Hata mwilini artemisinini hutoweka haraka, na vichanga hivyo ndivyo huisubiri ipite. Lumefantrini hubaki siku kadhaa kumalizia. Mtu mzima humeza vidonge 24: vinne kila mara, mara sita.

Mwaka 2024 watafiti waliripoti usugu kiasi mkoani Kagera, Tanzania.