Msichana Ndani ya Ngoma: Namna ya Kuipeleka Ngano Jukwaani

Mtakatifu Yohane Paulo II, kabla ya kuwa Padre, alikuwa mwigizaji. Kuanzia mwaka 1941, Poland ikiwa chini ya utawala wa Wanazi, alishiriki katika kundi lililoigiza kwa siri ndani ya nyumba za watu mjini Kraków. Hawakuwa na mapambo ya fahari, walitegemea neno. Hapo walezi wa Utoto Mtakatifu wana fundisho: Kasense, kama ilivyo kwingineko Ufipa, watoto hawahitaji ukumbi mkubwa ili waigize vema.

Ngano inayofaa ni ile ya msichana na zimwi, inayosimuliwa kwa sura mbalimbali mashariki na kusini mwa Afrika. Zimwi linamkamata binti aliyebaki nyuma ya wenzake, linamfungia ndani ya ngoma, na kumlazimisha aimbe kila ngoma inapopigwa. Linazunguka vijijini likikirimiwa chakula kwa sababu ya muziki huo, hadi siku wazazi wanapoitambua sauti ya mtoto wao.

Kazi ya kwanza ni kutafuta kiini. Watu wengi walisikia wimbo, wakafurahi na kupiga makofi. Hakuna aliyeuliza nani anaimba. Kila onesho lilitumikie jambo hilo.

Pili, simulizi igeuzwe kuwa tendo. Badala ya kueleza kwamba zimwi lilizunguka sana, oneshеni vijiji vitatu, wimbo ukiwa uleule. Wimbo huo utungwe na watoto wenyewe, hata kwa Kifipa. Msimulizi si lazima aondolewe: Ebrahim Hussein, katika Jogoo Kijijini na Ngao ya Jadi (1976), alilitumia umbo la ngano jukwaani. Msimulizi awafanye watazamaji kuwa wanakijiji, awaombe wapige makofi. Mama atakapoitambua sauti, nao watajitambua kuwa walishangilia kilio.

Tatu, mtoto asifungiwe ndani ya kitu chochote. Kitenge kinachoshikwa na wenzake wawili kinatosha kuwa ngoma.

Nne, zimwi lisifanane na bibi kizee mwenye macho mekundu. Macho ya mama zetu huwa mekundu kwa moshi wa jikoni, na nchini mwetu tuhuma za uchawi zimewagharimu wazee uhai wao. Kinyago cha nyasi kinatosha.

Mwisho wa ngano ndio unaohitaji busara zaidi. Katika masimulizi mengi, wazazi humtoa mtoto kwa siri na kujaza nyuki ndani ya ngoma, nalo zimwi huangamia. Kundi linaweza kuchagua zimwi lifikishwe mbele ya wazee na kuhukumiwa, ili haki isigeuke kisasi. Lakini binti asilazimishwe kulikumbatia zimwi kwa jina la msamaha. Msamaha wa Kikristo haufuti wajibu wa kumlinda mtoto, wala haumrudishi mikononi mwa aliyemtesa.

Baada ya igizo, mlezi awaulize watazamaji: ni nani angeweza kumsikia mapema zaidi? Kristo alimweka mtoto katikati ya wanafunzi wake. Nasi tukimweka mtoto katikati ya jukwaa, tumsikilize pia anapokuwa nyumbani, shuleni na katika Jumuiya zetu.